Kapu Halirudi Tupu

Jumatatu, 8 Septemba

Mkaa umeisha tena. Chai nimepikia gesi, na gesi nayo ikaisha. Mwanangu Koku ameenda shule na kiporo cha viazi. Mvua. Bodaboda wa Nyakahanga wakiona wingu tu wanapandisha bei. Zahanati nimefika nimelowa.

Mganga mfawidhi kaniita. Nafasi ya kuhamia Mwanza ipo, wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mume wangu yuko Mwanza mwaka wa tatu sasa. Nilidhani Deus atafurahi. Jioni nikampigia, akaanza kunisomea bei za Mwanza: kodi, maji, nyanya, hadi karoti. Ndizi za huko hazishikiki, akasema. Wewe huko unakula bure, mama ana kibanja, shamba zima la migomba. Tulia.

Nimetulia. Nina hasira.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelinganisha huku nafua. Kodi huku nafuu, sikatai. Sukari huku ghali. Sabuni, mafuta ya kula, daftari za mtoto, kila kinachoshushwa kwenye lori kimekuja na nauli yake. Samaki ndiyo usiseme, na yeye anaishi ziwani. Kwa hiyo hoja yake yote imebaki ndizi.

Mimi Msukuma. Nimeolewa kwa watu wa ndizi na sina hata mgomba mmoja. Huku mke wa mtu akionekana sokoni ananunua ndizi, wenzake wanageuza macho pembeni, wanamwonea aibu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kapu la mama mkwe limefika na bodaboda kutoka Chonyonyo. La pili mwezi huu. Maharage ndani, mkungu umefungwa pembeni. Mkungu mzuri. Kwenye kikonyo kuna alama ya kisu. Siku hizi mama anawekea ndizi zake alama? Labda wezi.

Sasa balaa la kapu. Kapu halirudi tupu, hilo nilifundishwa wiki ya kwanza ya ndoa. Nimenunua sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni ya mche. Na nyama, maana mara iliyopita sikuweka nyama nikajiona mchoyo. Kwa gharama hiyo ningepata mikungu miwili sokoni Kayanga na soda juu. Hizi ndizi za bure zitanifilisi.

Nimemwambia Deus. Kacheka. Eti huo ni upendo, hauhesabiwi. Nyanya za Mwanza ndizo zinahesabiwa.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada nimelipeleka kapu mwenyewe. Bila taarifa. Njia nzima napanga maneno: mama, usitume tena, au mwambie mwanao ukweli wa maisha.

Kibanja hakipo.

Nilidhani nimepotea nyumba. Udongo umegeuzwa, visiki, mahindi machanga. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, uliingia tangu masika. Bwana shamba akasema migomba ing'olewe yote, izikwe. Kaburi la baba mkwe lilikuwa kivulini, sasa liko juani.

Mama mkwe akatoka, nikatoa shikamoo. "Marahaba. Kaboneka, waitu," akanikaribisha kwa lugha yao, akanivuta ndani haraka, jirani wasinione nikishangaa.

Ndizi anazotuma ananunua kwa wachuuzi. Ile alama ni yao. Ameuza mbuzi. Nikamwuliza kwa nini.

"Mke wa mwanangu ahangaike na ndizi za sokoni, mimi nikiwa hai?"

Akaniapisha Deus asijue. Nikaapa. Yale maneno yangu nimerudi nayo yote.

Jumanne, 16 Septemba

Deus kapiga. Mama ameleta ndizi? Nikasema ameleta. Unaona, akasema.

Nikakata simu, nikasingizia mtandao. Nimelia jikoni kama mjinga. Jibu la kumnyamazisha ninalo na siwezi kulitoa. Namchukia. Simchukii. Miaka mitatu nalala peke yangu kwa sababu ya ndizi ambazo hazipo.

Jumatatu, 22 Septemba

Kapu jingine. Baada ya yote yale, ametuma tena. Alama ileile kwenye kikonyo, hata hakujisumbua kuikwangua.

Nimempigia Deus. Kusema sitasema, nimeapa. Lakini macho anayo. Nikamwambia njoo, kapu la mama yako liko hapa, zamu zimenibana, lirudishe wewe. Akaanza habari ya nauli ya basi. Nauli nalipa mimi, nikasema. 

Anakuja Ijumaa.

Jumamosi, 27 Septemba

Jana alifika amechoka. Nikampikia ndizi na maharage. Akala, akasifu, akasema ndizi za nyumbani kwao hazina mfano. Nikamwongeza.

Asubuhi nikapanga kapu: sukari, chumvi, majani ya chai, nyama. Akapanda bodaboda kwenda Chonyonyo anapiga mluzi. Uhamisho hatukuugusa.

Nimefua sare zangu. Nimemsuka Koku. Saa nane, simu kimya. Saa kumi, kimya.

Amerudi jua linazama, kwa miguu, viatu vyote udongo. Mama amelirudisha kapu. Deus ameliweka mezani, nikachungulia ndani. Tupu.

Alikaa muda mrefu bila kuvua viatu. Halafu akauliza lile jibu la Mwanza wanalitaka lini.

Nikamwambia Jumanne.

Tumekula wali.