Mfereji wa Atanasi

Jumanne, 6 Julai 1976
Kupalilia maharage bondeni tangu asubuhi. Miguu imelowa. Maji yamesimama kwa sababu Atanasi, mwenye shamba la chini yangu, hajazibua mfereji wake. Bonde zima kila mtu huzibua kipande chake, maji yashuke mtoni. Anasema kajikata mguu kwa jembe. Simwamini. Mahindi ya mlimani mwaka huu hayakushika. Haya maharage ndiyo chakula changu na mwanangu Tumaini.

Alhamisi, 8 Julai
Sesilia, mkewe Atanasi, amepika komoni, pombe ya mahindi. Keshokutwa anaita watu wazibue mfereji, kisha wanywe. Nimecheka peke yangu. Mwaka jana, mume wangu hana hata miezi miwili kaburini, niliita watu mimi. Atanasi alikunywa tangu asubuhi, jembe lake halikugusa udongo.

Ijumaa, 9 Julai
Nimewaambia wanawake kisimani kwamba Sesilia kapikia komoni maji ya mfereji, yale yenye vyura. Uongo mtupu. Walitema mate. Nilijisikia vizuri.

Jumamosi, 10 Julai
Hakwenda mtu. Hata balozi wa nyumba kumi alisingizia mkutano. Sesilia alikaa na mtungi wake mpaka jua likazama. Mimi nilipita pale mara tatu, makusudi.

Jumanne, 13 Julai
Maharage ya Atanasi yameoza. Maji yamepanda kwangu, matuta manne yamezama. Majani ya njano. Mjinga mimi.

Jumatano, 14 Julai
Nilikwenda kwa balozi, nikataka Atanasi atozwe faini. Kanijibu niite watu mwenyewe. Kwa komoni ipi? Mahindi ya kupikia sina. Nikapita kwa Atanasi kumtukana. Yuko nje, mguu umevimba hadi gotini, unanuka. Kumbe kweli. Nikazidi kumchukia.

Alhamisi, 15 Julai
Nimeshuka na jembe. Nimezibua mfereji wa Atanasi peke yangu mpaka adhuhuri. Maji yamekwenda. Nusu ya maharage yangu huenda ikapona.

Sesilia alikuja na kata ya komoni ya Jumamosi. Imechacha, harufu yake inawasha pua. Akasimama ukingoni mwa mfereji, akaninyooshea.

“Kunywa, mama Tumaini. Maji nilichota kisimani.”

Nilikunywa yote, nikamrudishia kata yake.