Kondoo ya Susu Kalondu

Jumapili, 5 Agosti 1984

Basi vile nilikuwa nasema jana kabla mafuta ya taa kuisha, mhubiri mgeni amekuja. Mrefu, suti ya kijivu. Amehubiri mpaka jua ikahama dirisha. Mwana-Kondoo, Mwana-Kondoo, bila damu yake hakuna mtu ataoshwa. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa mpya ya mke wa mzee wa kanisa.

Susu Kalondu alikuja. Huyu nyanya jirani yangu hajawahi kuingia kanisa hata siku moja. Alikaa nyuma kabisa. Kutoka nje akanishika mkono.

"Ni kiume?"

"Ndiyo, Mwaitu, kiume," nikamwambia, vile sisi Wakamba tunaita mama mzee.

"Kadogo?"

"Ya mwezi uliopita."

"Na haina kilema?"

"Hata alama moja."

Akaenda amefurahi. Nami nimefurahi, maana kila mtu ananiuliza juu ya mtoto wa Mwende wangu.

Jumanne, 7 Agosti

Kumbe hakuwa anauliza juu ya mjukuu wangu.

Nilikuwa mjini Kyuso kutafuta chumvi. Abdi, yule Msomali wa mifugo, akaniita. "Mama Mwende, siku hizi kanisa yenu inachinja kondoo?" Nikasema hapana. Akasema Susu amekuja kuchagua moja. Kiume, kadogo, bila kilema. Atabadilisha na mbuzi yake Alhamisi, siku ya soko.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia ya mtu. Abdi naye akacheka. Halafu nikakumbuka kitu. Hiyo mbuzi ni moja tu. Zile zingine zilikufa na hii ukame. Maziwa yake ndiyo Ndinda anakunywa, mjukuu wa Susu, mwenye mama yake alikufa.

Sikuambia mtu mwingine. Labda wawili.

Jumatano, 8 Agosti

Nimeenda kwa pasta. Hakucheka. Akanieleza polepole: upatanisho, ukombozi, kuhesabiwa haki. Akasema niende mimi, yeye ana matanga. Nilitembea nikirudia hayo maneno nisipoteze hata moja.

Nikayamwaga yote kwa Susu. Akatingisha kichwa vizuri sana. Halafu akauliza kama kondoo ikiwa na kichwa nyeusi itakubaliwa.

Nikamwambia arudishe akili. Akakasirika kidogo. Akasema mimi ni wa juzi, sijui mambo. Mtu akikosea mtu analeta mbuzi. Hapo ndipo maneno inaisha.

Halafu akasema jambo lenyewe. Alimlaani binti yake, mama ya Ndinda. Kwa mdomo wake, hapo kwa mlango. Alikuwa anangoja mvua inyeshe, mbuzi zinone, achinje moja arudishe hayo maneno. Binti akafa kabla. Sasa atamlipa nani? Ndiyo akasikia huko kanisani iko kondoo moja inaweza kuosha mtu.

Nikasahau hata kuaga. Mimi. Nikaenda nyumbani.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimempata kwa barabara ya soko, anavuta mbuzi na kamba. Ndinda nyuma, analia. Yale maneno ya pasta yote nimesahau. Nikasema wacha nimwambie vile naambianga watu habari.

"Mwaitu, umesikia? Ile kondoo ilishachinjwa."

Akasimama. "Ya nani?"

"Ya Mungu. Na si ya miguu nne. Ni mtoto wake, Yesu. Aliitwa kondoo kwa sababu alikufa pahali ya watu wenye makosa. Halafu akaamka, ako hai mpaka leo. Hakuna kingine ya kuleta."

"Alikufa kwa makosa ya nani?"

"Yako. Na yangu, na unajua mdomo yangu."

"Hata ile maneno ya kwa mlango?"

"Hata hiyo."

Akafikiria. "Mimi nilikosea Mungu, halafu nani akalipa?"

"Yeye."

"Yule alikosewa ndiye alileta mbuzi?"

"Ndiye."

"Hiyo sijawahi kusikia," akasema. Akakaa chini hapo kwa vumbi, na nguo yake ya soko. "Sasa mimi nafanya nini?"

Nikamwambia mkubalie tu, umwambie asante. Akamwambia, kwa Kikamba, maneno machache. Mimi niliangalia kando. Halafu akakamua mbuzi hapo hapo, Ndinda akakunywa kwa kikombe ya bati akanyamaza.

Nimepitia kwa Abdi kumwambia asingoje. Akasema sawa, kondoo haina haraka.

Jumapili, 12 Agosti

Susu alikuja na mikono mitupu. Alikaa mbele. Pasta alisema mambo marefu, sijui Susu alishika nini.

Jioni tulikuwa kwa mto tukichota kwa shimo ya mchanga. Akawaambia wale wamama wengine: nilikosa, na yule nilimkosea ndiye alilipa. Ni hayo tu. Fupi kuliko yangu. Mmoja akamuuliza, na binti yako je? Susu akasema bado anamlilia binti yake. Akaendelea kuchota.

Mimi nilinyamaza nikasikiliza. Wamama wakaniuliza kama ni mgonjwa.

Sasa nimekaa kwa mlango. Upepo kidogo. Mbuzi ya Susu inalia kule kwake, anaikamua. Nilikuwa nataka kuandika pia ile mambo ya kitambaa ya mke wa mzee wa kanisa, maana nimejua alinunuliwa na—

Susu ananiita kwa ua. Ati nikuje na kikombe.