Kidonge Kisichotwangwa

Misunkumilo,
S.L.P. 48,
Mpanda, Rukwa.
14 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Zefania,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kifua chako kinaivumilia baridi ya huko Uingereza? Unakula, au bado unachaguachagua kama zamani? Sisi hatujambo sasa, ila Mama alitutia hofu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Vidonge vya pumu ulivyomtumia vilifika kwa treni. Maelezo yako nilimsomea Mama: avimeze vizima, vinaachia dawa taratibu usiku kucha, namna hiyohiyo mnayojifunza kutengeneza huko chuoni. Akaitikia vizuri tu. Nilipokwenda kisimani akatoa kile kinu chake kidogo, akavitwanga viwili, akakoroga na asali, akanywa.

Nilimkuta anatetemeka na kutapika, moyo unamwenda mbio. Jirani yetu Hilari alimpakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Nililia njia nzima, Zefania. Tunamshukuru Mungu, walimtibu akapona.

Lakini baada ya hapo alivikataa kabisa, na pumu haikungoja. Akawa analala amekaa, pumzi inatoka kwa taabu, nikaona tunampoteza. Nilimbembeleza, nikamgombeza, wapi.

"Nyie wote niliwatwangia, mkapona," alisema. "Dawa nzima inakaa tumboni kama jiwe."

Kweli alitutwangia. Unaikumbuka kwinini ile, na asali ya mizinga ya marehemu Baba? Wewe ukinyweshwa yote kwa mara moja ulitapika, kwa hiyo Mama alikaa kando ya kitanda akikuchotea kidogo kidogo kwa kijiko hadi kunakucha. Mimi nilijifanya naumwa ili nikilambe. Nazitamani siku zile, mdogo wangu, pamoja na uchungu wake.

Nikamkumbusha hayo. Nikamwambia kidonge hiki ndicho kijiko chake: kinachota kidogo kidogo kikiwa tumboni, mgonjwa akiwa amelala. Ukikitwanga, umemnywesha yote kwa mara moja.

Alichukua kidonge kimoja, akakigeuzageuza kiganjani.

"Kumbe Zefania hakusahau," akasema, akakimeza kizima.

Shangazi Scola na Hilari wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe kwetu salama. Mama angekusalimu mwenyewe, ila amelala, namsikia anakoroma, na simwamshi.

Dada yako anayekupenda na kukukumbuka,
Yustina