Uyoga Niliouchemsha Nikaogopa Nimemharibia Rehema

Jumamosi, mwezi wa tano. Upepo unavuma hapa kijijini kwetu Sepuka tangu asubuhi, vichwa vya alizeti nilivyoanika uani vimetapakaa hadi kwa jirani. Sijakasirika. Leo sikasiriki na kitu.

Rehema amepiga simu. Uyoga umekubali!

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Rehema ni binti yangu wa kwanza, anasoma shahada ya pili chuo kikuu, huko maabara. Mimi niliishia darasa la saba, yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa. Nimeshasema mara nyingi, na nitasema tena.

Anachunguza protini inayofunika uyoga, ile inayofanya tone la mvua liteleze bila kuulowesha. Upande mmoja inapenda maji, upande mwingine mafuta. Sasa chembe hai za mwili wetu nazo zimevaa kiwambo cha mafuta, chembamba kuliko utando wa maziwa. Swali lake ni hili: protini hiyo ikikutana na kiwambo, inakichana au inatulia juu yake?

Mwezi wa tatu akaniomba uyoga wa porini kwetu. Akasisitiza, "Mama, usiuoshe. Uanike hivyo hivyo."

Nilimsikia vizuri kabisa. Ila mimi nimelelewa: uyoga wa kumpelekea mtu wa mbali unauosha, unauchemsha na chumvi, ndipo unauanika. Niwapelekee walimu wa mwanangu udongo? Nikauchemsha mara mbili. Nikautuma kwa basi huku natamba.

Alipofungua kifurushi akanipigia. "Mama, mbona huu una chumvi?"

Mvua zilishakatika, porini hakuna kitu. Uyoga huo ukishindikana, asubiri mwaka mzima.

Majuma matatu nikasubiri simu yake. Mama Asha, jirani yangu, akazidi kunichoma: "Mwenzio kaomba uyoga wa utafiti, wewe umempelekea mboga!" Nikacheka naye, nikaingia ndani nikalia.

Kumbe protini hiyo haiogopi chungu! Rehema anasema protini nyingine nyingi, ambazo angelazimika kuzitenga, ziliharibika kwa moto, yenyewe ikabaki. Akaondoa chumvi, akaichuja, akaikutanisha na vipovu vidogo vya mafuta alivyotengeneza vikiwa na kiwambo kama cha chembe. Ikajitandaza juu ya kiwambo hicho kama mkeka. Hakikuchanika.

"Mama, umenipunguzia kazi," ndivyo alivyosema, mwenyewe, kwa mdomo wake.

Huenda siku moja ikasaidia kubeba dawa mwilini. Bado ni mbali sana, na kanionya nisianze kutangaza.

Nimeshatangaza. Hadi kisimani wanajua.

Mama Asha nimemwambia nilijua tangu mwanzo, uyoga wa kwetu ni mgumu kama sisi wenyewe.

Sikujua lolote.

Mvua zikirudi, mwanangu, ukisema nisioshe, sitaosha. Nitautuma na udongo wake, na aibu yangu nitaimeza.