Kanga ya Mama na Mkaa wa Maabara

Moscow

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Nakusalimu wewe na shemeji na watoto wote hapo Magomeni. Na Baba huko Tindiga, miguu yake inaendeleaje? Nyumba mpya ya kijijini imeshaezekwa, au bado analala chini ya turubai? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio sijui nikuambie nini, maana tangu Mama afariki nimekuwa mtu wa kwenda darasani na kurudi kulala.

Kanga ilifika. Yule mwanafunzi wa Mikumi aliyekuja huko nyumbani likizo aliniletea chumbani, bado imefungwa kwa kamba ya mkonge. Ahsante sana kwa kutoifua. Nilipoifungua nilimkuta Mama humo ndani: moshi wa kuni, mafuta ya nazi aliyotia karafuu, na jasho lake la shambani. Nikajifunika nayo uso nikalia kuliko siku ile niliyopata telegramu. Dada, mimi sikumzika. Kwangu mazishi yalikuwa kanga hiyo.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Kazi yetu hapa maabara ni mkaa. Ndiyo, nimevuka dunia nzima kuja kusomea mkaa. Mama angecheka mpaka akae chini. Lakini huu umechomwa kwa namna yake hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Harufu yoyote ni chembe ndogo mno zinazoelea hewani, sisi tunaziita molekuli. Zikigusa kuta za vitundu hivyo zinanata papo hapo, hazitoki. Ndiyo maana mkaa huu hutiwa kwenye barakoa za kuzuia gesi ya sumu.

Ninakaa chumba kimoja na Mbulgaria anayeitwa Petko, tunasoma darasa moja. Ni kijana mwema, jibini akiletewa kutoka kwao hali peke yake. Majuzi nililazwa hospitali kwa kifua, sasa nimepona. Huku nyuma akaiona kanga kitandani, akainusa, akadhani imeharibika safarini. Chini ya kitanda chake kulikuwa na debe la mkaa wa maabara, tunaouweka chumbani kupunguza unyevu. Akaitia humo, akafunika. Niliporudi alinikabidhi huku anatabasamu.

"Ilikuwa inanuka moshi," akasema. "Sasa nusa. Safi kabisa."

Nikanusa. Ilikuwa nguo tu, kama imetoka dukani. Nikamwambia ni ya marehemu mama yangu, na moshi huo ndio nilioletewa. Petko akakaa kitandani. Nilitaka kumgombeza, lakini ningemgombeza kwa lipi? Alinitendea wema kwa elimu ileile tuliyofundishwa wote wawili.

Kisha yeye mwenyewe akanyanyuka. "Mkaa ukipashwa moto huachia ulichokamata," akasema. "Twende."

Tukaenda maabara, tukautia mkaa kwenye bomba la kioo, tukaupasha polepole, mimi pua yangu iko mdomoni mwa bomba. Kwanza ukatoka mvuke wa maji. Halafu sabuni ya bwenini, sigara za Petko, supu ya kabichi. Kila kilichopita chumbani mwetu kilikuwemo. Mama, kama alikuwemo, alitoka amechanganyika na hao wengine na sikumtambua. Nilibaki nimeinama pale mpaka Petko akazima moto.

Nisalimie Baba, umwambie masomo yanakwenda, na hili la kanga usimwambie. Nisalimie mjomba wa Dumila na wateja wake wa mahindi. Msalimie pia shangazi aliyemwosha Mama. Mwambie namshukuru kwa kazi ambayo sikuwapo hata kumchotea maji.

Uliniandikia kwamba baada ya arobaini nguo za Mama zitafuliwa, ndipo mashangazi wagawiwe, kama ilivyo desturi yetu. Nakuomba dada, moja isiguse maji. Yoyote, hata kitambaa chake cha kichwa. Najua barua zinachelewa, na huenda unasoma haya nguo zimeshakauka kambani. Ikiwa ndivyo, usiniandikie kuniambia. Nikunjie moja unitumie, nami nitajua mwenyewe nikiifungua.

Ni mimi mdogo wako,
Salumu