Jioni Niliyoigeuza Asubuhi

Malmaddi, Dharwad,
2 Agosti 1986.

Mpendwa Dada Vatsala,

Shikamoo dada yangu. U hali gani huko Guwahati? Magoti yanasemaje? Na shemeji Raghavendra, kikohozi kimemwachia, au bado anakificha asije akanyimwa sigara? Sisi hatujambo. Mvua haikatiki, nguo hazikauki. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, basi ujue ni mzima.

Barua yako imefika. Umeuliza kama uzi mwekundu unanipendeza mkononi, na umesema ukija kwa sikukuu ya Ganesha utaushika mwenyewe, kwa kuwa umeshawatangazia wakwe zako wote kwamba mdogo wako sasa ni mwanafunzi halali wa Mwalimu Tungabai. Dada, uzi haupo. Nimekaa na barua yako nikiona haya kuijibu.

Wewe uliolewa kabla hujafika mbali kwenye muziki, kwa hiyo acha nikueleze. Tangu Mwalimu anipokee, mimi mama mzima mwenye mvi, amenifundisha raga moja tu, yaani njia moja ya kupanga sauti za wimbo: Bhupali, ya jioni, taa zikiwashwa. Ina sauti tano. Sauti tano, utasema, hata kasuku ataziweza! Nami nilisema hivyohivyo. Kumbe ipo raga nyingine, Deshkar, ya asubuhi, yenye sauti zilezile tano. Tofauti ni pale unapokaa. Ya jioni hutulia chini, kwenye sauti ya Ga. Ya asubuhi hupanda ikakaa juu, kwenye sauti ya Dha. Mwalimu alinichosha kwa kunionya: "Indu, Dha ni jirani anayepita tu. Msalimie, aende zake. Ukimvutia kiti, atalala hapohapo."

Siku ya mwezi mpevu, ile ya kuwaheshimu walimu, sebule yake ilijaa. Wazee wote wa mji huu wenye masikio walikuja, unawajua. Sinia lilikuwa mbele: nazi, vitamu vya maziwa vya pedha, na uzi. Niimbe kwanza, kisha Mwalimu anifunge uzi mkononi.

Nilianza vizuri. Nikapita kwenye Dha, ikatoka tamu, Mzee Hanumantrao akajipiga paja, "Wah! Wah!" Basi kichwa kikavimba. Nikairudia ili ajipige tena, naye akajipiga. Nikairudia mara nyingine, safari hii nikakaa kabisa, nikajinyoosha. Mgema akisifiwa, dada yangu! Sikujua hata kidogo kwamba nimeshaiacha jioni.

Mzee yuleyule akageukia jikoni, akapaza sauti: "Jamani, leteni chai ya asubuhi, kumekucha!" Chumba kizima kikaangua kicheko.

Ningenyamaza hapo, ingekuwa aibu ya kawaida, watu wangeisahau kabla ya mvua kuisha. Lakini mke wa daktari, aliyekaa mbele, akaniuliza kwa upole, "Mama, hiyo ni Bhupali ya wapi?" Na mimi, uso unaniwaka moto, nikajibu, "Ndivyo nilivyofundishwa."

Kicheko kikakatika. Mwalimu hakunitazama. Alishika masikio yake mawili kama mtoto anayeomba radhi, yeye, bibi wa miaka themanini, mbele ya watu aliowafundisha na watoto wao, akasema, "Nisameheni. Kosa ni langu." Kisha akauviringisha uzi, akaurudisha kwenye sinia, akaagiza pedha zigawiwe. Nami nilipewa yangu. Niliila, dada! Sijui niliimezaje.

Tangu siku ile sikufungua kinywa kuimba. Mama akawa ananiuliza, "Vipi, yule paka wako wa jioni amekufa?" Nikajifanya nina mafua.

Juzi nikajikaza, nikaenda. Nilimkuta peke yake, tanpura, kinanda chake cha nyuzi, imefunikwa shuka. Nikaanguka miguuni pake. Nilitegemea anifukuze, na kweli nilitaka anifukuze. Akaniambia, "Inuka, Indu. Nimefikiri sana. Labda ni kweli nilikufundisha vibaya. Sikio likizeeka humdanganya mwenyewe. Wanafunzi wengine nimeshawaambia watafute mwalimu mwingine."

Nilipiga kelele, "Hapana, Mwalimu! Ulinifundisha sawasawa! Mimi nilikuwa nafukuzia sifa, kisha nikasema uongo!"

Akatikisa kichwa. "Unanionea huruma tu. Mbona hukuyasema walipokuwepo?"

Dada, niliinuka nikarudi nyumbani. Neno moja langu limemnyang'anya sikio alilolilea maisha yake yote, na maneno yangu yote ya faraghani hayawezi kumrudishia. Naona aibu hata kwenda sokoni. Muuza biringanya akinisalimu, nahisi anajua.

Basi nimeamua. Sikukuu ya Ganesha watu walewale watakusanyika tena kwake. Nitasimama kabla hawajaanza, niwaambie kwamba Mwalimu alinifundisha vizuri na kwamba nilimsingizia. Kisha nitaimba Bhupali kama alivyonipa, nikae kwenye Ga mpaka aisikie kazi yake mwenyewe. Wakicheka, na wacheke. Uzi sitauomba.

Nilianza kukuandikia usije, nikazichana karatasi. Njoo, dada. Wakwe zako waambie ukweli, watanisema, wakichoka wataacha. Lakini usikae mbele na wageni wa heshima. Kaa mlangoni, unizibie njia, maana mimi najijua: nikiwaona wale wazee, nitakimbia.

Mama anakusalimu sana na anakuombea magoti. Binti yangu Medha anamwamkia shemeji. Wabusu wajukuu, na mpe salamu jirani yako yule anayekuletea majani ya chai. Mungu akulinde njiani, treni isichelewe, na akufikishe kwetu mzima.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na aibu yake yote,

Indumati