Nyota ya Buluu Juu ya Nyansiongo

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Marani sote tu wazima. Majani chai yamechipua, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeuliza niliijuaje ile nyota ya buluu ya kusini, ambayo mwalimu wenu anasema ina joto kuliko jua. Ajabu! Mimi niliidhania baridi kama umande.

Nilikuwa nimeolewa majuzi tu. Alfajiri moja nilifunga nguo zangu nikatoka kimyakimya, nirudi kwetu Nyansiongo. Nilipofika langoni nikaiona iking'aa juu ya ukungu, upande wa kwetu, nikasimama kama niliye ndotoni. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kusema nami ila kunituma, akaja nyuma yangu. Nikangoja matusi.

"Hata mimi niliitazama sana," akasema, "nilipoletwa hapa."

"Ukafanya nini, mama?"

"Nilingoja mtu aje kunirudisha ndani. Hakuja mtu."

Akachukua mzigo wangu, akatangulia nyumbani. Nikamfuata. Miaka yote tuliyoishi pamoja, hakunikumbusha asubuhi ile hata mara moja.

Nyanya yako anayekuwaza